Mzigo wa Moshi Tusiwabebeshe Watoto

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, siku ya makutano yetu, baada ya chakula cha mchana.)



Katibu wetu amenipa dakika ishirini, tena baada ya wali na nyama, saa ile ile ambayo kwa miaka mingi nilikuwa nikiwafundisha hesabu wanafunzi waliolala macho wazi. Kwa hiyo anayetaka kusinzia na asinzie, mradi asikorome.

Leo sitafundisha hesabu. Nimeombwa nizungumzie jambo la afya, nami si daktari. Nitasema yaliyotokea nyumbani kwangu, na kidogo katika yale ambayo wataalamu wameyathibitisha. Jambo lenyewe ni hili: namna ya kumwomba jamaa yako, hasa yule aliyekuzidi umri, asivute sigara karibu na mtoto mdogo.

Naona baadhi yenu mmeanza kutazamana. Kusimama Tabora ukaisema vibaya tumbaku ni kama kwenda Ujiji ukawatukane dagaa. Basi kabla hatujafika mbali, nataka nilipe deni langu kwa tumbaku.

Wasafiri waliopita nchi hii katika karne ya 19, wakiwamo Burton na Speke waliofika Kaze mwaka 1857, walikuta watu wetu wanavuta tumbaku. Kiko kilikuwa sehemu ya safari. Msafara ulipotua, mizigo ikaegemezwa kwenye miti, kitu cha kwanza kilikuwa maji na cha pili kilikuwa moto wa kiko. Baadaye likaja zao la biashara. Huko Urambo Waingereza walianza kulima karanga mwishoni mwa miaka ya 1940, mpango wao ukaanguka, na katika miaka ya 1950 tumbaku ikashika mahali pa karanga. Tangu hapo nyumba nyingi za bati katika mkoa huu, baiskeli nyingi na mahari nyingi zimetokana na jani hilo.

Na mimi pia nimetokana nalo. Baba yangu alifariki nikiwa na umri wa miaka kumi. Aliyenichukua ni baba mkubwa, kaka yake, ambaye alikuwa na shamba la tumbaku huko Urambo. Nilipochaguliwa kuingia Kidato cha Kwanza mwaka 1971, serikali haikututoza ada, lakini sanduku, blanketi, viatu na nauli ya treni havikuanguka kutoka mbinguni. Vilitoka kwenye bani la baba mkubwa. Nami nilikuwa mmoja wa watoto waliokesha naye akichochea moto, maana tumbaku ya mvuke hukaushwa kwa muda wa wiki moja hivi, na moto hauruhusiwi kuzimika usiku wala mchana. Kwa hiyo anayenisikiliza asije akasema, huyu mwalimu amesahau alikotoka. Sijasahau. Ndiyo sababu jambo hili lilinishinda kulisema kwa muda mrefu.

Ndugu zangu, mwaka 1985 tulipata mtoto wetu wa kwanza, binti. Tulikuwa tukikaa Ng'ambo, nyumba ya vyumba viwili na sebule. Mwaka huo huo baba mkubwa, ambaye nguvu za shamba zilikuwa zimemwishia, alikuja kukaa nasi. Ilikuwa furaha kubwa. Jioni alimpakata mjukuu wake, akamwita mchumba wake, kama babu zetu wanavyofanya, na mtoto akicheka mpaka kwikwi. Mkono mmoja ulimshika mtoto, mkono wa pili ulishika msokoto wa tumbaku yake mwenyewe, ambayo aliikata kwa kisu na kuiviringisha katika karatasi.

Mvua zilipoanza, madirisha yakawa yanafungwa mapema kwa sababu ya baridi na mbu. Moshi ukakaa ndani pamoja nasi. Mke wangu alikuwa akiniangalia, nami nikijifanya kusahihisha madaftari. Yeye hakuweza kusema neno, maana yule alikuwa mkwe wake, na ninyi mnajua heshima ya mkwe katika nchi hii. Mimi niliweza kusema, nikanyamaza. Nilijiambia, huyu ndiye aliyeninunulia sanduku la shule. Nitamwambiaje atoke nje na mvua kwa ajili ya msokoto wake?

Mwezi wa Januari 1986 mtoto, akiwa na miezi saba, alianza kukohoa. Siku ya tatu akawa anapumua upesi upesi, na mbavu zikiingia ndani kila avutapo pumzi. Tulimfunga katika kanga tukakimbia naye hospitali. Walisema ni nimonia. Daktari, kijana mpole, akiwa anaandika kwenye cheti akaniuliza, "Nyumbani kuna mtu anayevuta sigara?"

Nikajibu, "Hakuna."

Mke wangu aligeuka akanitazama. Hakusema kitu. Yule daktari akaandika alichoambiwa.

Nimesimama mbele ya wanafunzi kwa zaidi ya miaka thelathini nikiwafundisha kwamba hesabu yenye tarakimu moja ya uongo haitoki sawa hata ukiikokotoa usiku kucha. Nami siku ile nilimpa daktari tarakimu ya uongo kuhusu mtoto wangu mwenyewe, nikaiita heshima.

Mtoto alipona, namshukuru Mungu na wale waliomtibu. Lakini kifua chake kilibaki dhaifu, na mpaka leo, akiwa mama wa watoto wake, ana pumu. Sisemi kwamba moshi wa baba mkubwa peke yake ndio ulioleta nimonia ile. Jikoni kwetu tulipika kwa kuni na mkaa, na nimonia huletwa na vijidudu. Ninachosema ni kwamba moshi ulikuwamo, nami nilijua, nikaficha.

Sasa niruhusuni niseme kile ambacho wataalamu wamekithibitisha, maana zamani tungeweza kusema hatukujua, na leo hatuwezi. Mwaka 1981 daktari mmoja wa Japani, Takeshi Hirayama, alitangaza matokeo ya utafiti wa miaka 14 juu ya wanawake zaidi ya 91,000 ambao wao wenyewe hawakuvuta sigara. Aliona kwamba wale walioolewa na wavutaji wa kupindukia walipatwa na saratani ya mapafu zaidi kuliko wale ambao waume zao hawakuvuta. Tangu hapo tafiti nyingi zimefuata, na kwa jumla zimeonyesha kwamba anayevuta havuti peke yake.

Katika moshi huo kuna kemikali zaidi ya 7,000, na kama 70 kati yake zajulikana kuwa huleta saratani. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Mtoto mchanga hupumua mara nyingi zaidi, na njia zake za hewa ni nyembamba. Kwa hiyo katika chumba kimoja, chenye moshi mmoja, mtoto hupata sehemu kubwa kwa kadiri ya mwili wake. Matokeo yake ni nimonia na mkamba, pumu inayozidi, maradhi ya masikio, na hata kufa ghafla usingizini. Wataalamu walikadiria kwamba kwa mwaka 2004 peke yake moshi wa wengine uliua watu 603,000 duniani, na kama 165,000 kati yao walikuwa watoto. Wengi wa watoto hao waliuawa na maradhi ya kifua, katika Afrika na Asia ya kusini. Watoto hao hawakuwa wamewasha kiberiti.

Wapo watakaosema, "Mbona sisi tulikulia katika moshi wa kuni na tu wazima?" Ni kweli, sisi tuliomo ukumbini humu tu wazima. Waliokufa wakiwa na miezi saba hawakuja kwenye makutano haya. Na moshi wa kuni nao ni mbaya, yafaa tuupunguze jikoni. Lakini ubaya mmoja hauwi ruhusa ya ubaya wa pili.

Turudi nyumbani kwangu. Aliyeniokoa hakuwa daktari wala mwalimu. Alikuwa jirani yetu, mzee Mzaramo aliyestaafu kazi ya reli. Vijana, huenda hamjui kwa nini Mzaramo na Mnyamwezi wanataniana. Babu zetu walibeba pembe na mizigo mingine kutoka huku bara hadi Bagamoyo, na kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ni karibu kilomita 1,200. Safari ya pwani mpaka Tabora peke yake ilichukua miezi mitatu hivi. Walipita katika nchi za watu, wakaomba maji, wakaugua njiani, wakazikwa na wageni. Kutokana na njia ile, ambayo baadaye reli iliifuata kwa sehemu kubwa ikafika Tabora mwaka 1912, ukazaliwa utani kati yetu na makabila ya njiani na ya pwani. Mtani ana haki ya kukuambia mbele ya watu neno ambalo mwanao hawezi kukuambia faraghani.

Mzee yule alikuja kumpa pole mtoto tuliporudi kutoka hospitali. Akamkuta baba mkubwa sebuleni, mjukuu magotini, msokoto mdomoni. Akasimama mlangoni akacheka sana. Akasema, "Ninyi Wanyamwezi nilisikia mna nguvu. Babu yako alibeba ratili sabini za pembe begani mpaka kwetu pwani, hakumpa mtu. Na mtoto aliyefuatana na baba yake alibebeshwa mkeka au kibuyu tu. Wewe leo umeshindwa kubeba moshi wako mwenyewe, umemtwika mjukuu wa miezi saba?"

Watu wote tulicheka, na baba mkubwa pia. Halafu akanyamaza. Akautazama msokoto, akatoka nao nje, akauzima kwenye mchanga. Aliporudi hakunitazama mpaka mgeni alipoondoka. Ndipo akaniuliza, "Daktari alisema ni moshi?"

Nikamweleza yote, hata ule uongo wangu.

Nilitazamia anikasirikie kwa sababu ya tumbaku. Hakukasirikia tumbaku. Alisema, "Miezi yote hii ulijua, hukuniambia. Kwa hiyo wewe uliona kwamba mimi naupenda msokoto kuliko mjukuu wangu?"

Ndugu zangu, sikuwa na jibu siku ile, na sina jibu hata leo. Nilidhani namheshimu kwa kunyamaza. Kumbe nilikuwa nimeshamhukumu moyoni mwangu kwamba akiombwa atakataa. Nilimnyima hata nafasi ya kukubali.

Hili ndilo neno nililotaka kuwaletea leo. Kumwomba mzee amlinde mtoto si kumvunjia heshima. Ni kumpa heshima, kwa kuwa unamhesabu miongoni mwa walinzi wa mtoto. Anayenyamaza ndiye anayemdharau.

Baba mkubwa hakuacha kuvuta. Sitaki kuwadanganya tena. Nikotini hufunga mtu, naye alikuwa amefungwa kwa miaka hamsini. Lakini tangu siku ile aliweka kigoda chake chini ya mwembe, mbali na mlango, na wakati wa mvua alikaa kwenye kibanda cha kuni. Akimaliza alinawa mikono na kubadili shati kabla ya kumchukua mtoto. Alikufa mwaka 1998 na kikohozi chake. Mwembe upo, na kigoda ninacho mimi.

Kutokana na yaliyonipata, naomba niwape vijana wazazi mashauri machache.

Kwanza, ongeeni mapema, kabla mtoto hajazaliwa ikiwezekana, wala msingoje siku ya homa. Moshi humdhuru mtoto hata akiwa tumboni. Huweza kuzaliwa na uzito mdogo.

Pili, chagueni wa kusema. Kama ninyi hamwezi, yupo shangazi, yupo mtani, yupo rafiki wa rika lake, yupo muuguzi wa kliniki. Mila zetu zimeweka milango mingi. Ni aibu kusimama mbele ya mlango mmoja uliofungwa tukasema hakuna njia.

Tatu, ombeni jambo moja lililo dhahiri. Usimwambie mzee, "Acha sigara," siku ya kwanza. Mwambie, "Baba, tunaomba ndani ya nyumba hii na karibu na mtoto pasivutwe." Tena mtayarishieni mahali: kiti, kivuli, chombo cha majivu. Mtu anayetolewa nje bila kiti huona amefukuzwa. Mkimwekea kiti ataona bado ni wenu.

Nne, msikubali nusu ya dawa. Kufungua dirisha hakutoshi. Kuvutia chumba cha pili hakutoshi, maana moshi haujui kupiga hodi. Na kuvuta ndani ya gari mtoto akiwamo ni vibaya zaidi, kwa sababu nafasi ni ndogo.

Tano, msimfiche daktari. Mtoto wa miezi miwili hadi kumi na miwili mwenye kikohozi, akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika hali ametulia, mpelekeni hospitali upesi. Na mkiulizwa habari za moshi, semeni kweli. Daktari hakuulizi ili amshitaki baba yako.

Kwa wazee wenzangu mnaovuta, nina ombi moja. Msingoje kuombwa. Huyo kijana anayejifanya kusahihisha madaftari mkiwasha sigara, huenda ana neno moyoni. Jitoeni nje wenyewe, mmwondolee mzigo. Na mkiweza kuacha kabisa, acheni. Hata aliyechelewa hupata faida.

Kwa wenzangu tulio bado na mashamba, moshi si hatari peke yake. Nikotini hupita katika ngozi, hasa majani yakiwa na umande au mvua, ndiyo maana mchumaji hupatwa na kizunguzungu na kutapika. Basi watoto wasichume tumbaku mbichi, na watoto wachanga wasilazwe penye bani. Nchi yetu iliridhia mwaka 2007 Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku, na mkataba huo hausemi tu habari za wavutaji. Wazitaka pia serikali ziwasaidie wakulima kupata njia nyingine za kujikimu. Tuidai sehemu hiyo kwa bidii. Mkulima wa Urambo si adui wa mtoto yeyote. Ni mtu anayetafuta sanduku la shule kwa ajili ya mtoto wake.

Na ninyi wanafunzi, najua pale nyuma ya mabweni. Nilikuwa mwanafunzi kabla sijawa mwalimu. Sheria yetu ya mwaka 2003 inakataza kumwuzia sigara mtu aliye chini ya miaka 18, lakini sheria haina macho nyuma ya mabweni. Nawaambieni tu kwamba baba mkubwa alianza akiwa na umri kama wenu, kwa mzaha, na mzaha ule ulimtoa nje ya nyumba ya mjukuu wake kila jioni mpaka akafa. Mkirudi likizo, ninyi ndio wajukuu. Mjukuu ana utani na babu yake. Tumieni haki hiyo. Mwambieni, "Babu, mchumba wako mdogo anakohoa, twende ukavutie mwembeni, nikubebee kigoda." Kisha mkibebe kweli.

Ndugu Mwenyekiti, naona saa yako umeishika mkononi. Wapagazi wa zamani walikuwa na kanuni: kila mtu na mzigo wake. Mzigo wa moshi ni wa aliyeuwasha. Mwaka huu binti yangu ameniletea mjukuu mwingine, ana miezi minne. Wiki iliyopita alikuja mgeni, rafiki yangu wa darasa lile la 1971, ambaye yumo ukumbini humu na sitamtaja. Alipotia mkono mfukoni, nilisimama kabla binti yangu hajageuka kunitazama, nikachukua kigoda, nikamwambia, "Twende mwembeni." Alikuja. Tulikaa mpaka giza likaingia, tukacheka sana.